Sauti Nzito ya Gatimu

"Wacha kuuma hizo betri, Watiri. Utavunja meno," Wachuka alimwambia mke wa mwanawe.

"Maitu, mama yangu, zikiumwa zinapata nguvu kidogo. Jana nilizianika juu ya mabati, zikasukuma kaseti nusu upande."

"Leo nimekuletea mpya kutoka sokoni Chaka. Hata mimi nataka kusikia mtoto wangu."

Gatimu, mume wa Watiri, alikuwa mpishi wa hoteli mjini Nanyuki. Kwa kuwa mama yake hakujua kusoma, alituma kaseti badala ya barua. Mwaka huo wa 1994 wote alilalamika kwamba kifua kinamsumbua. Hangeweza kuja nyumbani, na Watiri asiende kwake, asije akaambukizwa.

Watiri aliamini. Katika ile redio ndogo ya kaseti, sauti ya mumewe ilitoka nzito, ikijikokota kama ya mtu anayekata roho. Nyuma yake kulikuwa na nyingine ikinguruma, maneno hayashikiki.

"Kuna mzee unakaa naye?" aliwahi kumwuliza kwa simu.

Gatimu alikohoa, akakohoa tena. "Ndio. Mzee Kathurima. Ananipikia uji."

Watiri alimfumia mzee huyo sweta, na kanisani akawaombea wote wawili.

Sasa alifungua kifuniko, akatoa betri kuukuu, akafuta kutu kwenye springi kwa pindo la aproni, akaingiza mpya. Wakainamisha vichwa pamoja, kila mmoja na upande wake wa hedifoni.

"Watiri mpenzi, hali si nzuri..."

Kaseti sasa ilizunguka kwa kasi yake. Sauti ilikuwa nyepesi, ya haraka, kama ya mtu anayenadi mitumba sokoni.

"Huyu ndiye mgonjwa?" Wachuka aliuliza.

"Ngoja, Maitu. Sasa mzee Kathurima ataongea."

Mzee Kathurima aliongea. Alikuwa mwanamke, tena kijana.

"Baba Kinya, maliza hayo mambo yako. Chapati zinapoa."

Watiri alirudisha kaseti nyuma. Wakasikiliza tena. Wachuka alivua hedifoni, akaketi juu ya gunia la viazi.

"Nilijua hizo betri zimeisha," alisema polepole. "Sikujua zinaweza kugeuza msichana kuwa mzee."

Kesho yake Watiri alipiga simu hotelini kutoka kibanda cha posta.

Gatimu alikohoa kwanza. "Watiri, kuna nini?"

"Maitu anakutaka Jumamosi."

"Na hiki kifua?"

"Kuja nacho."

Jumamosi alifika, mashavu yanang'aa, kitambaa mdomoni. Watiri alimpa chai.

"Mzee Kathurima hajambo?"

"Hajambo. Anashukuru sana kwa sweta. Hata kulala analala nayo."

"Ilimtosha kifuani?"

"Kabisa."

Wachuka alitazama ukuta. Watiri alimvalisha mumewe hedifoni, akabonyeza kitufe. Kikohozi kilikatika.

"Hii redio imeharibika," Gatimu alisema.

"Ilikuwa imeharibika. Maitu ameiwekea betri mpya."

"Watiri, watu wa kazini hutaniana. Ati unaitwa baba nani, ni mzaha tu."

"Kinya anatembea?"

Gatimu alizungusha kikombe mkononi. "Ameanza juzi."

"Kila Jumatano nilikuwa nafunga, sili mpaka jioni, Mungu akuponye. Na wewe unaitwa chapati zisipoe."

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Kaseti zote hizo, na hukupata nafasi?"

Gatimu alimgeukia mama yake. "Maitu, nisaidie kuongea na yeye."

"Niongee na yeye nini? Watiri ni mtoto wangu, anakaa hapa. Huyo Kinya umlete siku moja nimwone, yeye hana makosa. Lakini wewe, leo rudi kwa mzee Kathurima."

"Unanifukuza nyumbani kwa baba yangu?"

"Babako angekuwa hai ungekuwa umeshafika barabarani."

Watiri alitoa betri kwenye redio, moja kisha ya pili, akazitia katika tochi ya Wachuka. Redio tupu akamwekea Gatimu mapajani, na kaseti zote juu yake.

"Mpelekee mzee," alisema. "Asikie vile unanipenda."

Gatimu alisimama mlangoni, akakohoa. Hakuna aliyemletea maji.