Hodi ya Kifuani

Mama alisema "karibu" usingizini, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Binti yake, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka. Mama, mwalimu mstaafu, alikuwa amewafunza wanawe adabu kwa fimbo: mgeni hasimamishwi mlangoni. Kumbe hata akilala anafundisha! Lakini kesho yake, saa nane ileile ya mchana, "karibu" ikaja tena, na mama akazinduka akihema, moyo ukienda mbio mpaka shuka inatikisika. Binti aliogopa. Betri ya moyo aliyowekewa mama miezi mitatu nyuma ilikuwa ya kuzuia mapigo yasilegee, si ya kuyakimbiza.

Hospitalini, mtaalamu wa mashine hizo alisoma kumbukumbu kwenye skrini, akakunja uso.

"Mama, saa nane huwa unafanya mazoezi?"

"Kwa magoti haya, mwanangu? Nalala."

"Mashine hii huongeza mapigo mwili ukitikisika. Au ikigongwa." Akagonga juu ya kovu kwa kidole, mapigo yakapanda. "Yako yanapanda mara tatu, yanatulia, yanapanda tena. Nani anakugonga?"

Mama akainamisha kichwa. "Siku ile moyo uliposimama, kabla sijawekewa betri, nilisikia hodi humu kifuani," alinong'ona. "Nikamkaribisha. Ningejuaje kama ni jini? Sasa anarudi kila siku; mapigo yakipanda naisikia hodi, nami ulimi unaniponyoka."

Mtaalamu hakucheka. "Moyo huu hauwezi mbio hizi wiki nyingine. Naizima sehemu inayohisi mtikisiko."

Kesho yake saa nane binti alikaa kitandani, vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wa mama, akihesabu mapigo yaliyokwenda taratibu, sitini kwa dakika, huku chumba kikianza kunuka udongo mbichi ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na mvua haikuwapo, na gauni la mama, pale juu ya kovu, likabonyea mara tatu, likatulia, likabonyea tena, na mama akaendelea kukoroma, hakujibu kitu, mpaka gauni likanyooka lenyewe.

"Umechoka, eh?" binti alinong'ona, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Nenda zako. Hapa hapana mwenyeji."

Ngo, ngo, ngo.

Safari hii ilikuwa ndani ya kifua chake mwenyewe, na kabla hajawaza lolote, mdomo uliolelewa kwa fimbo ulikwisha kujibu.

"Karibu," alisema.