Kipande cha Ndani ya Simu

Ni saa moja asubuhi, mtaa wa Chumbageni, Tanga. Dorkasi ameepua uji wa mtoto. Anachukua beseni la nguo, anatoka uani kuanika.

"Baba Brightness, mwangalie mtoto. Uji bado wa moto."

"Ehee," anajibu Yona, mumewe. Macho yake yako kwenye simu.

Brightness ana miaka mitatu. Alivuta sufuria. Uji ukamwagika, ukampata mguuni. Alilia kwa nguvu. Mama yake alimsikia kutoka uani, akaja mbio. Baba yake alikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakusikia.

Dorkasi alimwita jirani yake, Bi Saleha. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mmwagie maji safi ya baridi, dakika ishirini," alisema Bi Saleha. "Msimpake dawa ya meno. Msimpake mafuta."

Mtoto akatulia. Mguu ulikuwa mwekundu, lakini haukuwa na lengelenge. Dorkasi alimfuta machozi. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi.

"Unakwenda wapi?" Yona aliuliza.

"Kwetu Lushoto, na mwanangu. Wewe baki na Malkia wako."

"Malkia gani?"

"Usinifanye mjinga! Kila siku nakusikia. 'Malkia, usiogope, nakuja!' Mimi mkeo, lini umeniambia usiogope?"

Dorkasi alipoolewa, mama yake alimwonya. "Tanga kuna mahaba, mwanangu. Mwanamume akishikwa huko, harudi." Dorkasi amekaa Tanga miaka sita. Mahaba yenyewe hakuyaona, aliona joto na mbu tu. Lakini asubuhi hiyo aliamini.

Bi Saleha alicheka. "Sisi wanawake wa Tanga tunasingiziwa mengi! Hebu lete hiyo simu, tumwone mke mwenza."

Yona alitoa simu. Walimwona mwanamke wa kuchorwa, mwenye taji, amesimama juu ya ngome.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Ni gemu ya mtandaoni. Tuko watu kumi na wawili, tunalinda ngome yake."

Dorkasi hakujua acheke au alie. "Angekuwa mtu ningemvua khanga. Huyu nitamvua nini?"

Bi Saleha alikaa kwenye mkeka. Hakugomba.

"Yona, ulianza lini?"

"Kiwanda kilipofungwa."

Yona alisokota kamba kiwandani miaka tisa. Siku moja walipangwa getini, wakasomewa majina, wakaambiwa kwaherini.

"Niliona haya kupita mtaani," alisema. "Kila mtu anauliza, 'Vipi, leo huendi kazini?' Ndani ya gemu hakuna anayeuliza. Kule naitwa Kamanda."

"Na hapa unaitwaje?"

"Hapa naitwa 'we, kalete maji.'"

Dorkasi aliinamisha kichwa.

Mtu kama Yona huitwa mvivu. Ni uongo. Aliyefunga kiwanda hakuitwa mvivu. Aliyefungiwa ndiye aliyepewa jina. Mtu akinyimwa kazi na heshima, atavitafuta popote, hata ndani ya kioo.

"Hebu acha siku moja tu," alisema Bi Saleha.

"Siwezi, dada. Kila siku ukiingia, unatiwa alama. Ukikosa siku moja, alama zote zinafutwa. Unaanza upya. Mimi nina siku mia moja na kumi na mbili!"

Bi Saleha alimtazama. "Babu yako alikuja Tanga kufanya nini?"

"Kukata mkonge. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba wa enzi za wakoloni."

"Alikusimulia habari za kipande?"

"Sana. Ni kadi ya siku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, unatiwa alama. Usipomaliza, siku yako haihesabiwi. Na kipande kisipojaa..."

Aliitazama simu yake.

"Malizia," alisema Bi Saleha.

"Kisipojaa, hulipwi."

"Na wewe, kikijaa unalipwa?"

"Hapana."

"Basi babu yako ana nafuu! Yeye alisukumwa na kodi na njaa. Wewe umekwenda kujiandikisha mwenyewe."

Wazee wetu walikichukia kipande. Leo kimerudi, kina rangi na muziki, nasi tunakiita burudani.

Bi Saleha aliendelea. "Ziko sababu nyingine. Ile zawadi ya gemu, huijui itatoka lini. Unajaribu mara tatu, hupati. Ya nne unapata. Kubahatisha huko ndiko kunakokushika. Tena wenzako kumi na mmoja wanakungoja, unaona haya kuwaacha."

"Kwani kila anayecheza ni mgonjwa?" Dorkasi aliuliza.

"Hapana. Wengi wanacheza na kuacha. Tatizo ni pale mtu anapotaka kuacha akashindwa. Mtoto analia, hasikii."

"Basi niivunje hiyo simu!"

"Atatafuta nyingine. Lile jambo analolikimbia bado lipo. Aache mwenyewe, nasi tumpe pa kukaa kwa heshima."

Dorkasi alifikiri. Kisha alisema, "Nakupa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikiona hali ni ileile, naondoka."

Siku hiyohiyo Yona aliwaandikia wenzake: "Jamani, Kamanda ameacha kazi." Akaifuta gemu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Alikasirika bure, hata chumvi ya mboga ilimkera. Siku ya tano aliirudisha gemu, akacheza mchana kutwa. Jioni alikwenda mwenyewe kwa Bi Saleha.

"Nimeanguka, dada. Siku zangu zote zimepotea."

"Nani kakwambia zimepotea? Hiyo ni hesabu ya kipande. Hapa hatuna kipande. Siku nne ulizoacha ni zako. Futa tena. Ukishindwa peke yako, nitakupeleka hospitali. Wapo washauri wa mambo haya, na si aibu."

Yona alifuta tena. Safari hii hakukaa ndani. Alimtafuta Wilfred, mwenzake wa kiwandani. Kumbe naye alikuwa anajificha kwa haya! Walianza kusokota kamba za kufungia mbuzi na ng'ombe, uani kwa Wilfred. Wateja wakaja mmojammoja. Nyumbani, Dorkasi aliacha kusema "we."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilifika. Dorkasi alifunga begi. Yona alisimama mlangoni.

"Unakwenda?"

"Nakwenda kumsalimia mama. Vaa viatu, basi halitungoji."

Walikwenda wote watatu. Jumapili, baada ya ibada, walikaa jikoni kwa mama mkwe, wakimenya viazi. Maji yalikuwa yanachemka mekoni. Brightness aliinuka, akaelekea kwenye moto.

Dorkasi alifungua mdomo amwite mumewe. Yona alikuwa ameshasimama. Alimbeba mtoto, akamweka mapajani, akampa kiazi achezee.

Dorkasi alifunga mdomo. Akaendelea kumenya viazi.