Ripoti Ukiwa Kando ya Chemba

Ayuma alirudi mtaani Kware jioni, miguu ikimwaka moto. Kutwa nzima alikuwa amesimama kiwandani akipakia sabuni. Mlangoni mwa ploti, ua wa vyumba vya kupanga alikoishi, maji taka yalikuwa bado yanafurika kutoka kwenye chemba. Harufu yake, wacha tu. Ndani, binti yake mdogo, Tiffany, alikuwa anaharisha tena. Daktari alishasema: uchafu huu usipoondolewa, mtoto ataendelea kuugua.

"Nimechoka," Ayuma alimwambia jirani yake, Wakiuru. "Kila siku naripoti kwa ile programu ya simu ya kampuni ya maji. Hakuna anayekuja. Hawa watu wanatucheza."

Wakiuru alifanya kazi na mafundi wa kuzibua mitaro. "Huwa unaripoti ukiwa wapi, Mama Tiffany?"

"Kazini. Hapa bando la intaneti ni shida, kule kuna waifai ya bure."

Wakiuru akashika kichwa. "Kumbe ni wewe. Mafundi wamekuwa wakifika lango la kiwanda chenu, wanakuta pakavu."

"Lakini niliandika Kware."

"Uliandika, sawa. Lakini simu nayo hutuma alama ya pale uliposimama. Habari huenda kwa kompyuta kubwa zilizo mbali. Watu huziita wingu. Zinakusanya ripoti za mtaa mzima, kisha zinamwonyesha fundi aanzie wapi. Zinafuata alama, na fundi haendi pasipo alama. Na mahali penye ripoti nyingi hutangulia."

Ayuma akaketi kwenye ngazi. Hasira ilimpanda, kisha aibu. Mtoto anaumia, na yeye anawatuma watu kwingine.

"Siku zijazo chemba zitawekewa vifaa vya kutoa habari zikijaa," Wakiuru alisema. "Kwa sasa vifaa ni sisi. Nitakuwashia intaneti yangu. Twende."

Walisimama kando ya chemba, pua wamefunika kwa leso. Ayuma alipiga picha, akahakikisha alama iko kwenye ploti yao, akatuma. Kisha akaanza kubisha milango.

"Toka na simu yako," alimwambia Opicho wa chumba cha pili.

"Si keateka, mwangalizi wa ploti, ataripoti? Mimi natoka kazi ya mjengo, nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Toka."

Opicho alinung'unika, lakini akatoka. Wengine wakamfuata.

Kesho yake lori lilifika. Mafundi walitoa matambara na nepi zilizoziba bomba, na maji yakashuka.

Wiki iliyofuata, Tiffany alimaliza ugali wake akaomba mwingine. Ayuma alimsogezea sahani yake mwenyewe, akalala usingizi palepale kwenye kiti.