Jina kwenye Beji

Jeti ya Manda, gati la boti, ilijaa wageni, mabegi na kelele za waendesha boti wakati Ronald alipofika kutoka uwanja wa ndege, kofia pana kichwani, gitaa mgongoni.

"Kauboi wa punda!" akaita Idris, mwenye boti. "Punda wako angali hai, bwana!"

Watu wakacheka. Hilo lilikuwa jina lake la utotoni. Baba yake, polisi kutoka Nandi aliyehamishiwa Amu, yaani Lamu, alipiga kanda za muziki wa kantri kila Jumapili, naye kijana akaimba nyimbo hizo akiwa amempanda punda wa jirani. Alijifunza gitaa kanisani, akaimbia wageni hotelini Shela, kisha akaitwa Nairobi kwenye shindano. Sasa nchi nzima iliimba wimbo wake kuhusu Valary, msichana ambaye hakuja kumuaga.

Mwanadada mwenye sare ya hoteli, shati jeupe na sketi ya buluu, aligeuka. Beji kifuani mwake iliandikwa Michelle.

"Valary?" Ronald akauliza.

"Usiniite kwa sauti." Akatazama huku na huku. "Wageni wakisikia wananiuliza kwa nini nilikuvunja moyo. Mmoja alikataa hata nimbebee begi."

"Lakini hukuja, mpenzi. Nilisimama hapa hapa mpaka tukaitwa kupanda ndege."

"Nilikuja! Nilikuwa ng'ambo bara, Mokowe, kwenye kituo cha basi. Tangu lini mtoto wa polisi akapanda ndege?"

"Watu wa shindano walinitumia tiketi alfajiri ile. Nikakuandikia ujumbe."

"Simu ilikuwa imezimika. Nilikaa na mahamri yako mpaka basi likaondoka. Nikarudi, nikakupigia wiki nzima. Hukushika."

Ronald akavua kofia. Alizikumbuka simu zile. Alikuwa na hasira, na wimbo ulikuwa unakuja vizuri.

"Leo nalitoa jina lako kwenye wimbo. Naapa."

"Ukilitoa, nitalirudisha hapa," Valary akasema, akigusa beji.

Alasiri ufuo wa Shela ulifurika watu waliokuja kwenye tamasha lake. Kiitikio kilipofika penye jina, Ronald akafumba mdomo. Umati ukalijaza pengo: "Valary!"

Akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. "Jamani, sikilizeni. Alikuja. Alinisubiri Mokowe."

Wakacheka wakidhani ni mzaha. Kisha wakaanza upya wenyewe, kwa sauti kubwa zaidi, bila gitaa.

Jua lilipopungua akampigia Valary simu.

"Umesikia, laazizi?"

"Hapa hotelini Ras Kitau, ng'ambo ya maji, tunasikia kila kitu. Nilisikia na uliponyamaza."

"Nilijaribu."

"Najua, Ron. Jina hilo si lako tena kulitoa."

"Basi twende wote Nairobi. Nikuoe. Watu wakituona pamoja watajua ukweli."

Ronald akasikia vikombe vikipangwa mahali fulani nyuma ya Valary.

"Niende nikawe nani huko? Kila mlango nitakaoingia, wataniimbia kabla hawajanisalimu. Hapa angalau nina Michelle."

Asubuhi ya Ronald kurudi Nairobi, Valary alikuwa kwenye jeti ya Manda kabla ya boti yake kufunga kamba. Beji ilikuwa pale pale. Mkononi alishika mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, bado ya moto.

"Safari hii nimewahi," akasema, akajitahidi kutabasamu.

Ronald aliyapokea kwa mikono miwili. Akainama sikioni mwake, mtu mwingine asisikie.

"Valary," akasema tu, kama mtu anavyomwita mwenzake mezani.

Msichana akafumba macho. Ilikuwa miaka minne tangu mtu alipolitaja jina hilo bila kuliimba wala kuliuliza.