Mkono wa Tela

Kwa miaka kumi na tisa mimi na mke wangu tulifanya kazi moja. Tulikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi. Mashine ilikaa juu ya tela, na tela lilivutwa na pikapu yetu kuukuu. Mahindi yakikauka shambani, tulizunguka vijiji vitano ng'ambo ya milima. Siku mbili za kwenda, siku mbili za kurudi, na katikati wiki sita za vumbi na kelele.

Pikapu ile mke wangu aliiita Mke Mwenza. Alisema nimelala chini ya gari lile saa nyingi kuliko nilizokaa naye mezani. Nikichelewa kuingia kunywa chai, alichungulia dirishani akauliza mwenzake ameamkaje. Nikimwambia amekataa kuwaka, alijibu kwamba hata yeye angenuna, kulazwa nje kila siku.

Mashine yetu ilifanya kazi ikiwa mkiani mwa tela, mdomo wake ukitazama nje. Kila tukiondoka nyumbani, binti yetu akituaga, na kila tukihama kijiji, tuliisukuma wawili kwenye reli zake mpaka mbele, kisha tukaifunga kwa minyororo. Lakini hatukuondoka hapo hapo. Mke wangu alikwenda kwanza mbele ya tela, kwenye ule mkono wa chuma unaoingia katika ndoano ya gari. Aliushika kwa mikono miwili na kujaribu kuuinua. Ukiinuka, alisema, "Bado." Hapo nilipanda tena, nikasogeza mbele pipa la dizeli au sanduku la spana. Alijaribu tena. Mkono ukikataa kuinuka, alijipangusa mikono kwenye gauni na kusema, "Haya, sasa."

Nilimcheka sana. Nilimwita bingwa wa mieleka. Yeye alisema baba yake alikuwa mvuta mkokoteni, na mkokoteni ukielemea nyuma humnyanyua anayeuvuta. Basi. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Daraja lipo, lakini lipo kwenye karatasi. Wakubwa walikuja mara mbili kupima kwa kamba, wakapigwa picha, wakaondoka. Siku ile mto ulikuwa umejaa. Tulipita njia ya kuzunguka, na njia hiyo ilikuwa ndefu mno kwake. Sisemi zaidi. Wenyewe wanajua.

Nikabaki na Mke Mwenza peke yake.

Msimu uliofuata nilisafiri bila msaidizi. Kuisukuma mashine mbele ni kazi ya watu wawili. Nikajiambia, taabu ya nini? Kesho nitairudisha mkiani. Nikaiacha huko huko nyuma, nikaifunga, nikaondoka.

Tela likaanza kuyumba. Kwenye miteremko lilitikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Nililaumu barabara. Na barabara ile kweli inastahili kulaumiwa, kwa maana ina mashimo ambayo nimezeeka nayo. Mwisho wa msimu uliopita, tukiteremka mlima wa mwisho, tela lilivuta gari kulia, kisha kushoto, kisha likatuingiza mtaroni. Mimi sikuumia. Mashine haikuumia. Lakini chasisi ya Mke Mwenza, zile nguzo za chuma zinazobeba gari zima, ilipasuka. Fundi alilala chini akaangalia. Alipotoka alivua kofia, na kabla hajafungua mdomo nilikwisha kuelewa.

Wakulima wakaniletea habari. Walisema wananiheshimu, lakini mahindi yakikauka yanaliwa na wadudu. Nisipofika mwaka huu, watamwita mwenye mashine mwingine, naye akishaingia hatatoka. Siwalaumu. Binti yangu naye alikuwa amenitayarishia chumba kwake, chenye kiti cha kuegemea na televisheni. Chumba kizuri. Nilikiona kama rafu ya kuwekea vyombo visivyotumika tena.

Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja. Nipate gari jingine linalofaa, au nikakae kwenye rafu.

Binti yangu alinisindikiza mpaka kwenye yadi ya magari. Nilimwomba pia jirani yangu aje. Jirani huyu ni mama wa makamo. Kwa miaka thelathini aliendesha lori la kuvuta mtambo wa kuchimba visima, huko porini kusiko na njia. Mtaa mzima unamwita Shangazi Gia.

Muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye pikapu nyeusi. Ilikuwa inang'aa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nilifungua mlango nikakaa. Kiti kilinipokea kama godoro. Kile cha Mke Mwenza kilikuwa kimetoboka, springi zinachoma, na kila safari mke wangu alikalia mto alioushona kwa pazia la zamani. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ipo siku nitamkalisha kwenye kiti laini. Niligusa kile kiti cha pembeni. Nikasema nalichukua hili.

Muuzaji alifurahi. Alisema, "Mzee, hili linavuta hata nyumba."

"Nyumba hiyo ina breki?" Shangazi Gia akamwuliza.

Muuzaji alicheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. Shangazi Gia akanigeukia mimi. Alitaka kujua tela langu likiwa limepakiwa lina uzito gani. Nilimjibu kwamba ni zito, kama ng'ombe watatu.

"Ng'ombe wa nani, shemeji? Wanene au wa kiangazi?" alisema. "Unanunua kiatu na mguu umeuacha nyumbani. Shuka humo. Twende tukapime kwanza."

Nilishuka, ingawa nilinuna. Kesho yake aliliazima trekta la ghala la nafaka, akaja kulivuta tela langu. Lilikuwa limepakiwa kila kitu cha safari: mashine, pipa la dizeli lililojaa, vipuri, hema na maji. Ghala lina mizani kubwa ya kupimia malori. Karani wa mizani alisoma tani mbili na kilo mia moja. Mimi miaka yote nilidhani ni tani moja na kidogo.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Shangazi Gia aliomba ile mizani ndogo ya kupimia magunia. Aliiweka chini ya mkono wa tela, mkono ukaikalia. Kilo thelathini na tano. Akatazama namba, akatazama mashine yangu kule mkiani, kisha akaniuliza polepole kama tela hili huwa linayumba.

Nilisema linayumba kwa sababu ya barabara. Nikaanza habari za wakubwa na kamba zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima.

"Barabara ni yao," alisema. "Mashimo ni yao, na daraja lile watakuja kuulizwa. Lakini mashine hii mkiani aliiweka nani?"

Nilisema niliiweka mimi.

Akanieleza. Mzigo ukielemea nyuma ya magurudumu ya tela, mkono unakuwa mwepesi, na tela linapata nguvu ya kulitikisa gari. Ukiongeza mwendo, au ukishuka mlima, gari halikushindi tu, linakupeleka linakotaka. Mkono wa tela unatakiwa kukandamiza ndoano kwa sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela, au zaidi kidogo. Kwa tani mbili na kilo mia moja, ni kama kilo mia mbili na kumi. Usizidishe sana pia, kwa sababu gari litakaa chini nyuma na kuinuka mbele, na usukani utakuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea watoto.

Tulisukuma mashine mbele, sisi wawili na karani. Tukapima. Mia moja na themanini. Tukasogeza pipa la dizeli. Mia mbili na kumi na tano. Shangazi Gia akainama, akashika mkono wa tela kwa mikono miwili, akajaribu kuuinua. Haukutikisika.

"Unaona?" alisema. "Huku ni kujaribu tu, mikono inadanganya. Lakini ukiweza kuuinua peke yako, ujue haujakaa sawa."

Nilikaa juu ya gunia. Nilimsimulia habari za mke wangu na "bado" yake, na jinsi nilivyomcheka miaka kumi na tisa. Karani aliacha kuandika. Shangazi Gia akasema, "Kumbe ulikuwa na mizani ndani ya nyumba."

Tuliporudi yadi nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika mwenyewe: tela 2100, mkono 215. Shangazi Gia alimwomba muuzaji kitabu cha ile pikapu nyeusi, akanipa nisome. Mimi shule niliiacha mapema. Nilifuata maneno kwa kidole. Kilisema kwamba gari linaruhusiwa kuvuta tela lenye breki zake lisilozidi kilo 1500. Nikasoma mara ya pili, labda namba ingebadilika.

Muuzaji alisema hizo ni namba za wazungu waoga. Shangazi Gia akamwambia basi tulifunge tela twende mlimani, na yeye akae mbele. Muuzaji akakumbuka ana mteja mwingine anamsubiri.

Nyuma ya yadi kulikuwa na pikapu nyeupe ya dizeli. Mlango mmoja umebonyea. Hakuna aliyekuwa anaitazama. Kitabu chake kilisema inavuta kilo 3000, na bodi inabeba kilo 900. Shangazi Gia akanifundisha kutoa hesabu: sisi wenyewe, magunia, tangi la maji, na zile kilo 215 za mkono wa tela, zote zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Ilibaki nafasi.

Akaniambia nilale chini, nisionee huruma shati. Nilitazama chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Haikuwa na ufa wala alama ya kuchomelewa. Tumbo la gari lilikuwa juu, na chini ya injini kulikuwa na bamba la chuma la kuzuia mawe. Magurudumu yote manne yanavuta, na ina gia nzito, ile ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Tairi zake ni za saizi inayouzwa kila mahali. Tangi kubwa. Fundi wetu anaifahamu, na vipuri vyake vinapatikana hata kwenye miji midogo. Shangazi Gia alisema gari la safari ndefu ni lile linaloweza kutengenezwa mahali litakapoharibikia.

Tulilifunga tela letu halisi, na mzigo wake halisi. Tulipanda kilima cha machimbo ya kokoto. Katikati alinisimamisha, akanitaka niondoke tena bila kurudi nyuma. Niliondoka. Nikarudi kinyumenyume kwenye kona. Nikateremka kwa gia nzito, mguu mbali na breki. Tela lilifuata kimya kama halipo.

Kiti kilikuwa kigumu. Binti yangu alikaa pembeni, akajigeuza mara mbili, akasema mama angelalamika. Nikamwambia mama angelalamika, kisha angepanda.

Nililichukua. Fundi alilifungia tela breki zake lenyewe, kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho. Injini ya Mke Mwenza aliinunua yeye, akaniahidi itafanya kazi kwenye pampu ya maji. Nilibaki na mto wa pazia.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu alikuja na begi. Amechukua likizo ya wiki mbili. Alisema anataka kuona kitu gani huko milimani kinashinda chumba chake. Niliuweka mto kwenye kiti cha pembeni, naye akaukalia bila kuuliza.

Kwenye mto tulisimama. Daraja lilikuwa bado kwenye karatasi. Nilivua viatu, nikavuka kwa miguu na fimbo, nikipima kina na kutafuta penye changarawe. Maji yalifika magotini. Nilirudi, nikaingiza gia nzito kabla ya kugusa maji, tukapita bila kusimama katikati. Ng'ambo ya pili nilizima injini nikageuka kutazama nilikotoka. Binti yangu hakuniuliza ninatazama nini.

Kijiji cha kwanza walitusikia kabla ya kutuona. Mwenye mashine mwingine hakuitwa. Tulipukuchua siku sita.

Siku ya kuhama tulisukuma mashine mbele, baba na binti, tukaifunga. Nilianza kurudisha gari nyuma ili nifunge tela. Kwenye kioo nikamwona binti yangu amesimama mbele ya mkono wa chuma. Sikuwa nimemwambia chochote. Aliinama, akaushika kwa mikono miwili, akavuta. Dizeli ilikuwa imepungua pipani, na magunia ya mahindi tuliyolipwa tulikuwa tumeyapakia mkiani kabisa. Mkono ukainuka.

"Bado," alisema.

Nilishuka, nikapanda telani, nikasogeza sanduku la spana na magunia mawili. Ilinichukua muda, kwa sababu macho yalikuwa na vumbi. Akajaribu tena. Mkono ulikataa. Alijipangusa mikono kwenye gauni.

"Haya, baba. Sasa."