Siku Seva Zilipokataana

Foleni ya waakye, wali wa kunde, pale Adum ilikuwa imekunja kona, na Dufie alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake. Mtu huyo, kijana mrefu aliyefunga vifungo vya shati jeupe hadi kooni katika joto lile la Kumasi, akaagiza yai la mwisho.

"Kaka, hilo yai nimelitolea macho tangu niko kule nyuma," Dufie alimwambia.

"Macho hayaagizi." Kisha akageuka, akaliona gauni la buluu lililomkaa Dufie kiunoni na uso usiocheka hata kidogo, sauti ikamlegea. "Lakini linaweza kukatwa kati."

"Lafudhi hiyo ni ya Kifante. Wafante na chakula hamwachani."

"Na nyie Waashanti mnataka kutawala mpaka mayai."

Yai likakatwa. Walikula wamesimama, wakiulizana habari, na ndipo ilipojulikana kwamba walikuwa wakielekea mlango mmoja. Dufie alifanya kazi katika kampuni ya wapima ardhi hapo jirani, na kwa miaka sita alikuwa ameitunza seva ya mafaili, mashine iliyobeba ramani zote za viwanja vya wateja. Ebo Quansah alitumwa kutoka makao makuu, Accra, kufunga seva mpya ya saraka, ile ambayo kazi yake ni kujua nani ni nani na nani aruhusiwe kufungua nini.

Hawakuchukua mwezi kabla ya kuwa wapenzi. Ebo alikuwa akimpigia simu kutoka chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yao.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nakusikia mara mbili, kwenye simu na ukutani. Fanya kazi, Ebo."

Jumamosi moja, wakila fufu kule Bantama, Dufie alinawa mikono akawa makini.

"Seva yangu inazungumza itifaki ya zamani. Hiyo yako mpya haiikubali. Mtu akitaka faili, yangu itaiuliza yako, 'Huyu ni nani?' na yako haitajibu. Tuiboreshe yangu kwanza, ndipo uwashe yako."

"Nimekusikia, mpenzi. Nitalishughulikia."

"Nimemwandikia Bwana Amoako barua mbili, hajanijibu." Amoako alikuwa meneja wa tawi.

"Nimesema nitalishughulikia. Kula."

Hakulishughulikia. Makao makuu walimharakisha, akaiwasha seva mpya Jumapili, na Jumatatu asubuhi hakuna aliyeweza kufungua faili hata moja. Wateja walijaa dirishani. Mama mmoja mzee, kitambaa cheusi kichwani, alihitaji ramani ya shamba lake kabla ya saa nne aende nayo mahakamani. Dufie aliiona mikono yake ikishika ukingo wa dirisha. Hakuwa na cha kumpa. Mama akaenda mahakamani mikono mitupu.

Bwana Amoako aliita kikao. Watu kumi na wanne walikaa kuizunguka meza.

"Seva ya mafaili anaitunza nani?"

"Mimi," alisema Dufie.

"Mpya inafanya kazi. Yako imekufa. Hukutuonya kwa nini?"

"Nilikuandikia mara mbili."

"Sina kumbukumbu hiyo."

Dufie akamtazama Ebo. Alikuwa amekaa mkabala naye, shati lake jeupe limepigwa pasi, akikagua kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Dufie alisubiri. Alisubiri mpaka Amoako akamaliza kutamka kwamba anasimamishwa kazi wiki mbili, na kalamu ile ilikuwa bado inazungushwa.

Saa sita Ebo aliiagiza seva mpya ikubali njia ile ya zamani, itifaki ya seva ya Dufie. Mafaili yakafunguka. Dufie alikuwa kwenye ngazi, mkoba begani, aliposikia watu wakimpigia makofi. Akashuka ngazi zilizobaki mbili mbili. Hakulia. Alipofika kwao Asafo alifua nguo zote za nyumba ile, hata zilizokuwa safi.

Ebo alipiga simu siku mbili bila kupokelewa. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Dufie, mpenzi wangu, nisikilize."

"Mpenzi wako nani? Yule uliyemwangalia akivuliwa heshima huku unachezea kalamu?"

"Watu wanajua tuko pamoja. Ningekutetea, wangesema namtetea mwanamke wangu, ungezidi kuharibikiwa. Nilitaka nilimalize kimyakimya na makao makuu."

"Sikukuomba unitetee. Nilitaka useme ulichokijua. Hivyo ni vitu viwili, Ebo. Na hiyo njia ya zamani uliyoifungua, umewaambia kwamba mwizi wa manenosiri anaweza kupita hapo?"

"Sijawaambia."

"Hata hilo umelinyamazia."

"Nifanye nini?"

"Ulinyamaza mbele ya watu kumi na wanne. Wapo, kawaambie wao. Mimi usinipigie tena." Akakata.

Jumatatu iliyofuata, Dufie akimenya viazi vikuu na mama yake, simu iliita. Alikuwa Serwaa, mpokea wageni wa ofisini.

"Usiseme kitu. Sikiliza tu." Simu ikawekwa juu ya meza ya kikao.

Sauti ya Ebo ilitoka mbali, imekauka. "Dufie alinionya mwenyewe, Jumamosi mbili kabla. Nilimdharau. Seva yake haikuwa na kosa, mimi ndiye niliyewasha mpya bila kuiandaa ya kwake. Na njia niliyoifungua Jumatatu iliyopita ni ya hatari. Mlinipigia makofi kwa kuacha mlango wazi."

"Bwana Quansah, kaa chini," alisema Amoako.

"Nitakaa nikimaliza. Barua mbili ziliandikwa."

"Barua gani?"

Hapo Serwaa mwenyewe akasema, taratibu, "Kitabu cha kupokelea barua hiki hapa, bwana. Tarehe tatu na tarehe kumi na moja. Sahihi ni yako."

Dufie akaweka kisu chini.

Makao makuu walipopata habari walimrudisha Dufie kazini keshoye. Amoako alimwita ofisini akamwambia kwamba kulitokea kutoelewana.

"Hakukutokea kutoelewana," Dufie alisema. "Barua ya kunisimamisha ilibandikwa ubaoni. Ya kuniomba radhi ibandikwe hapo hapo."

Ikabandikwa, mistari mitatu mikavu. Aliisoma yote, akiwa amesimama wima, kila mtu akimwona.

Ijumaa mchana, yeye na Ebo waliiboresha seva ya mafaili, wakizungumza mambo ya kazi tu. Faili la kwanza likafunguka. Ebo akaifunga njia ya zamani. Faili likafunguka tena.

"Dufie."

"Nini?"

"Nataka wajomba zangu waje kwenu kubisha hodi, walete posa."

Dufie aliendelea kutazama kioo cha kompyuta. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nyingi. Huenda nikawa nayo mpaka Krismasi."

"Basi nitangoja."

"Sikusema ungoje. Nimesema nina hasira." Akasimama, akalinyoosha gauni lake. "Waje Jumamosi saa tatu. Mama hapendi wageni wanaochelewa. Na siku hiyo ukiulizwa neno, ujibu mwenyewe."