Miwani ya Dani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lornah alifagia ua, akachota maji kwenye mfereji wa jirani, kisha akamwamsha mdogo wake Oduor na kumnawisha uso. Kufikia wakati huo nyanya yao, ambaye walimwita Dani kama watoto wote wa Kijaluo wamwitavyo nyanya, alikuwa ameshaketi mlangoni na miwani yake puani, akisoma Biblia kwa sauti ya chini. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa uzi mweusi.

Dani alikuwa ametoka kwake Awasi mapema mwaka huo wa 1988, akaja kukaa nao Manyatta, mjini Kisumu. Baba yao alifanya kazi katika mashamba ya miwa, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mama yao, Benta, alichuuza samaki. Siku nyingine alisafiri na beseni lake hadi Muhoroni, akarudi jioni. Bila Dani, Oduor mwenye umri wa miaka minne hangekuwa na wa kumtazama.

Lornah alikuwa darasa la saba. Wiki hiyo shule nzima ilizungumzia maonyesho ya sayansi ambayo yangefanyika Ijumaa. Yeye na Metrine, rafiki yake wa dawati moja, walikuwa wameamua kutengeneza tochi ya kumulika mbali. Walichukua tochi kuukuu ya kaka yake Metrine, wakaizungushia mrija mrefu wa karatasi ya manila waliyoipaka masizi ndani, kisha wakatia lenzi nene waliyoazimwa na mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Walubengo.

Jumanne walijifungia katika stoo ya shule isiyokuwa na dirisha, wakaiwasha. Mwanga ulitua ukutani ukiwa mpana kama sinia.

"Bado unatawanyika," alisema Metrine. "Hata kibatari kinashinda hii."

Mwalimu Walubengo aliingia, akatazama, akatikisa kichwa polepole. "Lenzi moja haitoshi. Hii nene ikae karibu na balbu, ikusanye mwanga unaokimbilia kando. Mbele yake muweke lenzi nyingine, muisogeze mbele na nyuma mpaka miale itoke imenyooka. Hata mkipata mbili nyembamba mkazishikanisha, zitafanya kazi kama moja yenye nguvu."

"Tutazitoa wapi, Mwalimu?" aliuliza Lornah.

"Shule inayo hii moja tu. Nipeni siku mbili niulizie kwa walimu wenzangu."

Lornah hakungoja hizo siku mbili. Asubuhi iliyofuata Dani aliiacha miwani juu ya Biblia akaenda kuanika nguo. Lornah aliitazama. Aliwahi kucheza nayo akiwa mdogo, na alijua kwamba vioo vyake vilikuza maandishi. "Ni hadi Ijumaa tu," alijiambia. Akaitia mfukoni mwa sare yake.

Saa ya mapumziko alivitoa vioo viwili kwa ncha ya wembe, akaificha fremu chini ya vitabu mfukoni mwa mkoba.

"Umevipata wapi?" Metrine aliuliza.

"Nyumbani. Havina kazi."

Walivishikanisha vioo hivyo kwa gundi kidogo pembeni, wakavitia mbele ya ile lenzi nene. Lornah alisogeza mrija taratibu. Ule mwanga wa ukutani ulipungua ukawa kama sahani, ukapungua ukawa kama kisosi, mwishowe ukabaki kidoa cheupe kikali kisichozidi kifuniko cha soda. Metrine aliruka na kupiga makofi. Lornah naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni.

Jioni alimkuta Dani amepiga magoti sakafuni, akipapasa chini ya kitanda.

"Nyathina," aliita Dani, maana yake mwanangu, "hujaiona miwani yangu?"

"Sijaiona, Dani."

Dani aliinuka kwa shida, akakaa kitandani. "Nilikuwa nayo asubuhi. Nimeshaangalia hata ndani ya gunia la mahindi. Basi ni kichwa changu. Usimwambie mama yako. Ataona nimeanza kuzeeka vibaya."

Lornah aliinama akajifanya anafungua viatu.

Baadaye Benta aliingia akiwa amembeba Oduor kutoka zahanati. Mtoto alikuwa na malaria. Alikuwa amepewa dawa ya kwanza huko huko, na nyingine ilikuwa katika chupa ndogo. Alfajiri ya Alhamisi, Benta alipokuwa akijitwika beseni la samaki, alimwachia Dani chupa ile. "Mpe baada ya chakula cha mchana, Mama. Kiasi kimeandikwa hapo."

Dani aliipokea. Hakusema kwamba hakuwa na miwani.

Saa saba Lornah alirudi nyumbani kula. Oduor alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka, matapishi yako kando yake. Alipomwita, mtoto alifungua macho nusu, akayafumba tena.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nimpe dawa, muda mfupi uliopita," alisema Dani. "Nimempa vijiko viwili, kama walivyoandika."

Lornah aliichukua chupa. Palikuwa na mwandiko mdogo wa kalamu ya wino. Alisoma mara moja, akasoma tena. Iliandikwa ½. Dani alikuwa ameishika chupa ile mbali na uso wake, akaigeuza kwenye jua, na macho yake yakaona mbili peke yake.

"Dani, ni nusu! Ni nusu kijiko!"

Dani hakupoteza wakati. Alimfunga Oduor mgongoni kwa leso, akatoka nje mbio kama mtu wa miaka ishirini, huku Lornah akimfuata na chupa mkononi. Hospitalini walipokelewa na daktari aliyeitwa Shitanda. Alipoiona chupa na kusikia habari, alimchukua mtoto bila kuuliza la pili. Mlango ukafungwa.

Muda ulipita. Mlango ulipofunguliwa, daktari alikuwa na jasho. "Tumemsafisha tumbo. Moyo wake unapiga vibaya kidogo, kwa hiyo hatutamwacha usiku huu. Mama, uliwezaje kupima dawa ya mtoto kama huoni?"

"Miwani yangu imepotea, Daktari," alisema Dani. "Kosa ni langu peke yangu."

Lornah alikuwa kando yake. Mkoba wenye ile fremu ulikuwa bado umening'inia begani kwake, na alihisi ni mzito kama jiwe la kusagia.

Jioni Benta alifika akikimbia, nguo zikinuka samaki. Alimwona mwanawe kwanza. Kisha akatoka hadi barazani, akasimama mbele ya mama mkwe wake. Hakupaza sauti.

"Mama, sikukosei heshima. Lakini Oduor akipona nitakurudisha Awasi. Siwezi tena kwenda sokoni nikaacha watoto na mtu ambaye..."

Dani aliitikia kwa kichwa. "Ni haki, Benta. Mimi mwenyewe ningesema hivyo."

Lornah aliutazama uso wa Dani ukiwa umekubali, haujitetei hata kidogo.

"Dani hakuipoteza!" alilia. "Mimi niliichukua. Nilitoa vioo nikatia kwenye tochi ya shule. Aliponiuliza nilisema sijaiona." Akafungua mkoba, akatoa fremu tupu yenye uzi mweusi, akaiweka juu ya benchi.

Benta aliketi polepole, akaishika fremu ile, kisha akaufunika uso wake kwa viganja. "Nisamehe, Mama," alimwambia Dani. Lornah hakuambiwa kitu, na kunyamaziwa kule kulimuuma kuliko fimbo.

Asubuhi ya Ijumaa Oduor alifungua macho akaomba uji. Daktari alisema hatari imepita. Lornah alikwenda shuleni moja kwa moja, akawaeleza Metrine na Mwalimu Walubengo kila kitu. Metrine aliacha mdomo wazi. "Uliniambia havina kazi," alisema, na machozi yakamtoka.

Mwalimu alifungua droo ya meza yake, akatoa lenzi mbili zilizofungwa katika karatasi. "Hizi niliazimwa jana na mwalimu wa sekondari. Nilikuwa nikizileta kwenu, nikasikia mmeshapata." Lornah aliifungua tochi, akavitoa vioo vya Dani. Metrine alitia zile lenzi za mwalimu, akaenda kwenye maonyesho peke yake. Lornah alishika njia ya hospitali.

Jumamosi walirudi nyumbani wote wanne. Fundi wa saa pale sokoni, ambaye Lornah alimpelekea ile fremu, alikuwa ameshavirudisha vioo mahali pake. Dani alimwita Lornah, akamketisha karibu naye.

"Ungeniomba, ningekupa," alisema. "Na ningemwita jirani anisomee chupa, kwa sababu ningejua miwani iko wapi. Lakini uliponidanganya, niliamini akili inanitoka. Nikaona aibu. Nami nikamficha mama yako kwamba sioni. Umeona? Uongo wako ulinifanya na mimi nifiche, na kilichofichwa na wawili kikamwangukia mtoto asiyejua lolote. Siku nyingine ukitaka kitu, sema. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalipa."

"Nisamehe, Dani."

"Nilikusamehe pale hospitalini, ulipofungua mdomo. Haikuwa rahisi, nilikuona." Dani alimshika mkono. "Sasa nenda ukamwombe mama yako pia. Amekaa jikoni anakungoja, hajui aanzie wapi. Anza wewe."

Lornah alijifuta machozi, akaenda jikoni.